Swali Nililomwekea Pasta Nzuki

Jumatatu, 19 Januari. Ikutha

Nimetuma redioni habari ya soko la mbuzi kabla ya chai. Mistari kumi. Kisha nikaenda kwa Kalondu, mjane wa ndugu yangu Mutua, kuangalia ndengu zake, choroko za huku. Zimekomaa. Maganda ni meusi, ukiyagusa yanapasuka. Zimebaki siku nane hivi. Zikipita, au mvua ikinyesha, mbegu zitamwagika na hatavuna kitu.

Mwethya haujaja. Wanawake wa kanisa huvuniana kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile. Zamu ya Kalondu ilikuwa Ijumaa. Walimruka. Walivuna kwa jirani, ng'ambo ya ua, wakiimba, naye akiwasikia.

Sababu naijua. Wiki tatu zilizopita Mutua alikuwa akichimba kisima mtoni, kwenye mchanga. Kingo zikamporomokea. Ilikuwa Jumapili, saa nne, ibada ikiendelea. Siku ya mazishi Pasta Nzuki alisimama kando ya kaburi akasema anajua kwa nini Mungu alimchukua: alidharau siku ya Bwana. Akaongeza kwamba nyumba isiyotubu hutoa jeneza la pili. Tangu hapo hakuna anayetaka kukanyaga shamba lile.

Namchukia Nzuki. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 20 Januari

Nimesoma habari za Ayubu mwanzo hadi mwisho. Nilizisoma kama ninavyosoma taarifa: nani alisema nini, alijuaje. Marafiki zake wana majibu tele. Mungu anapozungumza hamwelezi kwa nini. Hata kidogo. Anamwuliza maswali. Sisi wasomaji tunaambiwa kilichotokea mbinguni, Ayubu haambiwi. Na wanaokaripiwa mwishoni ni wale waliokuwa na majibu.

Mimi ni mwamini. Sijui kwa nini Mutua alikufa. Mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu wiki tatu bila kugombana. Mungu nimemwachia haki ya kunyamaza. Nzuki simwachii haki ya kusema.

Kabla ya kumpiga mtu, ujue alikotoka. Kabla ya Ikutha alihudumu Tawa.

Alhamisi, 22 Januari. Tawa

Nimeendesha pikipiki asubuhi nzima. Nimempata bibi aliyefagia kanisa la Nzuki miaka mingi. Wote humwita Susu, yaani nyanya.

"Wewe ndiye yule wa redio?" akauliza. "Sauti yako ni kubwa kuliko wewe."

Akanikaribisha uji. Akasema bila kusukumwa. Nzuki alikuwa na binti, Mumo, miaka tisa. Jumapili moja alianguka uani baada ya shule ya Jumapili. Akafa kabla ya saa nane. Hospitali haikusema ni nini. Nzuki hakuhubiri miezi mitatu.

Nikauliza kama watu walimwuliza sababu.

"Walimwuliza. Akafunga mlango. Wewe ungefungua?"

Shemasi mstaafu amethibitisha yote, mpaka saa. Kaburi nimeliona. Vyanzo viwili, kama kawaida yangu.

Nilifurahi. Sijafurahi hivyo tangu mazishi. Nilirudi kama mtu aliyenolewa panga.

Ijumaa, 23 Januari

Kalondu anavuna peke yake. Mistari miwili tangu alfajiri. Vidole vimechanika. Nikamweleza nilichopata Tawa na ninachotaka kumwuliza Nzuki mbele ya kanisa.

Akaendelea kuchuma. "Baba Mwende, mimi nataka ndengu zivunwe. Wewe unataka nini?"

Nikasema nataka akose neno mbele ya watu. Nataka aone aibu.

"Basi utakuwa umepanda mimbari yake."

Nilimwambia nitafikiri. Nilidanganya.

Jumamosi, 24 Januari

Wingu upande wa kusini. Halijaja huku.

Swali liko tayari. Pasta, binti yako Mumo alikufa Jumapili. Yeye alitenda dhambi gani? Maneno kumi. Nimelisema kwa sauti mara tatu nikinyoa. Halina kosa. Nilijaribu kusali, nikajikuta nalirudia.

Jumapili, 25 Januari

Nimeuliza.

Ilikuwa wakati wa ushuhuda. Nilisimama, nikasalimu kanisa, nikayasema maneno yangu kumi. Sauti haikutetemeka. Nzuki alifungua kinywa haraka, kama afanyavyo akiwa na jibu. Halikutoka. Akashika mimbari kwa mikono miwili.

"Sijui," akasema. Kisha: "Miaka kumi na moja namwuliza Mungu. Sijui."

Mtoto mmoja alicheka, akazibwa mdomo.

"Na ya Mutua sikujua. Nilisema kwa sababu mlikuwa mnanitazama."

Hilo ndilo nililolitaka. Nililipata lote. Ndipo mkewe akainuka kutoka benchi la mbele. Hakulia. Alipita katikati yetu akishika ukuta, akatoka, viatu vikabaki chini ya benchi.

Huku mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi mwenyewe naitwa Baba Mwende toka asubuhi mpaka jioni. Yeye, tangu waje Ikutha, tumemwita Mama Pasta, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilihakiki saa ya kifo. Nilihakiki kaburi. Sikufikiri kwamba mtoto yule ana mama, na kwamba mama yuko hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama.

Kalondu alikataa nimbebe kwa pikipiki kurudi nyumbani. Akatembea.

Nimeshinda. Sijuti kumwuliza Nzuki. Najuta kwamba huyu mama alikuwa pale, na kwamba hata ningekumbuka, sina hakika ningenyamaza.

Jumatatu, 26 Januari

Hakuna aliyekuja. Maganda yameanza kupasuka yenyewe juani. Unayasikia ukitulia. Nimevuna na Kalondu kutwa nzima. Hajasema nami ila, "Chuma ya chini kwanza."

Jumanne, 27 Januari

Mvua bado.

Saa moja asubuhi mke wa Nzuki aliingia shambani peke yake, na gunia begani. Nikamwendea. Nikaanza kusema pole.

"Usiniombe msamaha leo," akasema. "Bado sijafika huko. Nionyeshe mstari."

Kalondu alifuta mikono kwenye leso, akamshika mkono. "Karibu, Mama Mumo."

Yule mama akasimama kidogo. Kisha akainama, akaanza kuchuma.

Kufikia saa nne walikuwa wanawake tisa. Mpanga zamu, yule aliyemruka Kalondu, alikuja wa mwisho, akidai jembe lake limemchelewesha. "Ndengu hazilimwi, zinachumwa," mwenzake akamjibu. Walicheka, hata Kalondu.

Nzuki hakuja. Sijui kama atahubiri tena. Bado simpendi. Nimemwambia Mungu hivyo asubuhi, bila kupamba, nikamwuliza na juu ya Mutua, kama kila siku. Hakujibu. Nikavaa viatu.

Mchana mistari yetu ilikaribiana. Mama Mumo akaniuliza bila kuinua kichwa kama nimewahi kujibiwa.

"Bado."

"Mimi pia."

Akahamisha gunia lake mbele, nami nikahamisha langu. Imebaki mistari sita.