Vitabu Ulivyotuma Vimekuzika

S.L.P. 17,
Mutomo,
Kitui.

23 Septemba 1984.

Mpendwa Kavata,

Hilo neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu mwalimu wa ngumbaru alitufundisha kwamba barua haiendi bila hilo. Usijivune nalo. Wewe ni mjinga, tena mjinga wa shule, na huo ndio ujinga mbaya zaidi kwa sababu hakuna darasa la kuutibu. Umezikwa hapa nyumbani, mwanangu, na hata hujui.

Sasa salamu. Hujambo? Ule mguu ulioteguka kwenye barafu umepona? Mimi sijambo. Meno mawili yameng'oka, magoti yanalia, macho yanaona vizuri mbali kuliko karibu, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa. Jua limemaliza kila kitu. Mbaazi hazikutoa hata ua. Ng'ombe wote wawili walikufa Juni, mmoja baada ya mwingine. Mbuzi walibaki saba, na sasa ni sita. Huyo mmoja alichinjwa kwa ajili yako.

Naandika Kiswahili makusudi. Kikamba kingenipa kazi kidogo, lakini nataka huyo mume wako mpya asome mwenyewe bila wewe kumtafsiria. Ulisema anaitwa Hersi, ni mtu wa Garissa, na ana moyo mzuri. Basi Kiswahili anajua. Mimi nilikiokota kwenye mashamba ya mkonge Kibwezi nikiwa msichana na sijakitupa. Nitamfikia mwishoni.

Kwanza habari ya katoni. Notisi ya posta ilipokuja Julai, kwamba kuna kifurushi kizito kutoka Uingereza, nilijisifu. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Niliwaambia watu wa kanisa kwamba Kavata amesikia njaa yetu. Siku ya kukichukua, wanao Nzilani na Kiema waliondoka na punda alfajiri, wakarudi jua likiwa kichwani, na uani kwangu kulikuwa na wanawake saba wenye sufuria. Tukapasua katoni kwa panga. Vitabu kumi na viwili. Kaluki, jirani yangu, alitia mkono mpaka chini, akapapasa, akasema, "Mama Kavata, labda unga uko chini ya karatasi." Alipokosa akasema, "Basi amekutumia kuni." Wakacheka wote, wakaenda na sufuria zao.

Nilitaka kuvitia motoni siku hiyo hiyo. Nzilani akalala juu ya katoni, miaka kumi na mitatu na miguu mirefu vile, nikashindwa kumng'oa. Kwa hiyo vikasomwa. Kila alasiri wakishateka maji alikuwa anasoma, akikwama na neno anamwuliza mwalimu Ndolo, kisha anatuelezea kwa Kikamba. Nimevisikia vyote kumi na viwili. Usije ukaniambia sijui ninachosema.

Vyote ni vya watoto wa tumbo moja, watatu au wanne. Kuna dada mkubwa wa kuamrisha, kuna mvulana anayejiona chifu, kuna mdogo wa kulia. Wanakamata wezi pangoni. Wanapiga makasia mpaka kisiwani peke yao. Katika kimoja wanashuka ngazi zilizo nyuma ya jiko la mawe, wanatokea nchi ya theluji, na kunguru anawaambia wao ni wafalme. Kiema alikwenda kuangalia nyuma ya mafiga yangu. Alirudi na majivu puani, akasema hakuna ngazi.

Na wanakula, Kavata! Hawajafika ukurasa wa kumi wameshakula mara mbili. Mayai ya kuchemsha, nyama iliyofungwa ndani ya mkate, keki, jamu, maziwa ya mkebe. Wanakula juu ya mlima, wanakula ndani ya mashua, wakishakimbizwa na wezi wanakaa chini wanakula tena. Wanao hapa wanakula mahindi ya manjano mara moja kwa siku, na majani ambayo zamani tuliwaachia mbuzi. Muthama alikuwa anamwambia dadake, "Rudia pale pa mayai." Dadake anarudia. Mtoto anameza mate, mimi natazama. Ulifikiria nini dukani?

Lakini hata hilo ningelisamehe. Kuna jambo la pili, na ni Nzilani aliyeliona, si mimi. Alipofika kitabu cha nne alirudi kwenye vile vitatu vya kwanza, akafungua mwanzo wa kila kimoja. Akaniambia mimi bibi yake, "Susu, mama yao anaondolewa kila mara." Nikamwambia asome vizuri, asinizulie. Akasoma. Kimoja mama anaumwa na anahitaji kupumzika. Kingine amemfuata baba India. Kingine anamtunza shangazi mgonjwa. Kingine anawapandisha treni, anapunga kitambaa, treni inakata kona, basi, hatajwi tena mpaka mwisho. Na hakuna anayelia. Wanapiga kelele za furaha! Mama akishaondoka ndipo hadithi inaanza.

Duka zima la vitabu, Kavata, na wewe ukachagua hivyo. Ulitaka watoto wako wajifunze kwamba mama ni mzigo wa ukurasa wa kwanza. Au pengine hukuvifungua hata kimoja, ulichukua vyenye picha nzuri juu ukalipa ukaenda zako. Hilo naliona baya zaidi.

Na ndani ya katoni hiyo hiyo ukaweka barua, kwamba umeongeza kozi nyingine ya unesi, miaka miwili tena, na vitabu vitawafariji. Mwaka wa 1978 uliniambia ni mwaka mmoja. Marehemu mumeo alikuwa hajamaliza hata mwaka kaburini. Muthama alikuwa ananyonya, nikamwachisha mimi kwa uji wa wimbi, akanipiga makofi usoni wiki mbili akikutafuta. Leo ana miaka saba. Hakujui. Nikimwonyesha picha yako anasema, "Yule nesi."

Sasa nikwambie ulivyozikwa.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na sita Agosti, shule zimefungwa. Mimi nilikuwa kwa chifu kwenye foleni ya mahindi. Watoto walitaka kucheza vile vitabu, wawe wale ndugu wa kisiwani. Haya nimeyatoa kwa Nzilani baadaye, na Nzilani hadanganyi. Kiema alisema, "Lazima kwanza tumwondoe mama." Nzilani akamwambia, "Wetu ameshaondoka, anza tu." Ndipo Muthama akauliza ameondoka kwenda wapi. Wakamwambia Uingereza. Akasema Uingereza si sababu. Baba ya rafiki yake anafanya kazi Malili, anarudi kila mwezi na mkate. Anayeenda na asirudi amekufa, kama baba. Kiema akaenda kuleta jembe. Je, wewe ungemjibu nini?

Wakachimba. Kando ya mumeo, upande ule ule ambao ungekuwa wako. Udongo ni kama saruji mwaka huu, lakini Kiema ana mikono ya babake, wakafika kina cha kifua cha Muthama. Wakaitia katoni ya vitabu shimoni iwe sanduku, ndani yake wakaweka ile gauni yako ya samawati iliyobaki kwenye kasha, na picha ya nesi. Nzilani akasimama upande wa kichwa na kitabu mkononi, anasoma Kiingereza kama pasta anavyosoma Neno. Wakaimba.

Kaluki alikuwa anapita na mbuzi wake. Akaona watoto watatu na kaburi bichi. Akamwuliza Muthama, "Ni nani?" Muthama akamjibu, "Ni mama." Sasa Kaluki angefanya nini? Alitupa fimbo akapiga yowe, na unajua yowe la Kaluki, likasikika mpaka kwa mzee Ndeti ng'ambo ya mto.

Nilipofika na mahindi yangu mgongoni, uani kulikuwa na watu wanaopita hamsini. Maji yameletwa, kuni zimeletwa, wanaume wamekaa upande wao. Pasta Mutie alinijia, akanipokea mzigo, akanishika mikono yote miwili. Hakuhitaji kutaja jina. Mtoto ninaye mmoja.

Sikiliza vizuri hapa. Sikulia. Kutoka langoni mpaka mlangoni kwangu, hatua kama thelathini, niliamini umekufa, na nilisikia mzigo unashuka. Nilisema moyoni, kumbe ndiyo sababu. Kumbe hakukataa kuja. Aliyekufa hana kosa, Kavata. Kwa hizo hatua thelathini ulikuwa mtoto mwema tena, nikakupenda kama siku niliyokuzaa.

Kisha Muthama akatoka nyuma ya nyumba, mchanga mpaka kwenye nyusi, akasema, "Susu, tumemzika vizuri." Nikauliza habari imeletwa na nani. Kaluki akamwonyesha Muthama kwa kidole, Muthama akamwonyesha Nzilani, Nzilani akaonyesha kitabu.

Ndipo ukafufuka, na kosa lako likafufuka nawe. Nilimpiga Nzilani kwa mwiko wa ugali mpaka ukakatika. Hakukimbia. Aliniambia, "Nipige Susu, lakini mama akija utakuwa umenipiga bure, na asipokuja pia umenipiga bure." Nikaacha. Mkono ulichoka, usidhani ni huruma.

Watu hawakuondoka. Wangeondokaje na njaa, wameshalia? Mzee Ndeti akasema mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima achinjiwe mbuzi, kifo kisimzoee jina. Pasta Mutie akasema hayo ni ya giza. Nikachinja. Pasta akaiombea nyama, akapewa mguu wa nyuma, akaula. Watoto wa huku hawakuwa wameonja nyama tangu Januari. Kaluki aliramba vidole, akaniambia, "Mama Kavata, huyu mtoto wako afe tena Krismasi." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Tangu uende Uingereza, hiyo ndiyo siku pekee uliyowafaa watu wa nyumbani.

Walipomaliza kula, wanaume wakachukua majembe wafukie. Muthama akaruka ndani ya shimo, akalala juu ya ile katoni, akakataa kutoka. Alisema lisifukiwe mpaka mama aseme mwenyewe kama yuko hai. Ndeti akataka kumtoa kwa mguu. Mimi nikamwambia amwachilie mtoto, na jembe aweke chini, na asiye wa nyumba hii aende kwake. Muthama nilimtoa kwa kumpa ini la mbuzi. Gauni nimeifua, picha iko ukutani. Shimo liko wazi mpaka leo, nimeliwekea miiba mbuzi wasitumbukie.

Tangu hapo Kiema hagusi vitabu. Nzilani anasoma vya mtihani tu, ni Novemba, na mwalimu Ndolo anasema atapita. Muthama amewaambia walimu kwamba hana mama wala baba, wakamwandika kwenye orodha ya yatima, watoto wa orodha hiyo wanapewa uji saa nne. Sikwenda kusahihisha. Uji ni uji. Lakini ujue mwanao anakunywa uji wa kifo chako kila siku ya shule, na anaurudia kikombe cha pili.

Kaluki anakusalimu, ana aibu kidogo. Pasta Mutie anakusalimu na anakuombea. Kiema anasema asante kwa vitabu, kwa sababu nimemfunza adabu. Nzilani hajasema kitu. Muthama nilimwambia atoe salamu akaniuliza, "Kwa nani?"

Mwanangu Hersi, kwetu mama mkwe hasimami uso kwa uso na mkwe, lakini karatasi haina uso. Sina neno na dini yako wala na watu wako. Nauliza moja tu: uliambiwa ni watoto watatu? Nzilani, Kiema, Muthama. Kama uliambiwa, una lawama nusu. Kama hukuambiwa, sasa umeambiwa, na mtu aliyeficha watoto watatu hatashindwa kukuficha wewe.

Mungu akulinde na baridi hiyo, Kavata, akupe chakula na afya, na usingizi akunyime mpaka ufike.

Wazee wanasema mvua itakuja Novemba. Ikija, shimo litajaa lenyewe, na Muthama atakuwa amepata jibu lake kutoka mbinguni, sitaweza tena kumbadilisha. Kwa hiyo acha kozi, acha zamu, usiandike barua, usitume katoni. Panda ndege mwezi wa kumi. Ukishuka hapa usiingie nyumbani kwanza, usinisalimie mimi. Nenda nyuma ya nyumba, mwite Muthama kwa jina, akutazame, kisha chukua jembe ufukie.

Wako, na bado nakupenda, jambo linaloniudhi,

Mama yako,
Syombua