Friji la marehemu babu yako

Mjukuu wangu Zubeda,

Salamu zako zimefika, na sisi huku Korogwe hatujambo. Mama yako mdogo kajifungua salama, mtoto wa kike.

Umeuliza kama umtume fundi tena kwenye friji la marehemu babu yako, au uninunulie jipya. Najua unaogopa kuniumiza. Hata mimi huligonga ubavuni ili liwake, kama alivyokuwa akiligonga yeye.

Nilipoolewa Kwamsisi nilikuta kinu chenye ufa. Mama mkwe alikirithi kwa mama yake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukisema. Siku moja babu yako alitoa kijiti kwenye ugali, akakiweka mkekani mbele ya mama yake.

"Mama, leo tunakula na kuni?"

Mama mkwe alicheka sana. Kisha akaniambia, "Mwanangu, marehemu aliniachia kinu ili wanangu wale unga safi. Nikiwalisha vijiti, nitakuwa nimemheshimu nini?"

Akaagiza kipya kwa mchongaji. Kile cha zamani alikigeuza, kikawa kiti chake cha kuchambulia mboga, na alipokikalia ndipo alipotusimulia habari za mama yake.

Wiki hii maziwa yangu yameharibika mara mbili, kwa hiyo nimeamua bila shaka yoyote. Niletee jipya, dogo linanitosha. La babu yako nitalihamishia chumbani kwangu niweke unga na mbegu. Mlango wake panya hawauwezi.

Ni mimi bibi yako, nikuombeaye heri.