Nta Kwenye Viungo vya Usukani

Mtaa wa Gongoni,
Tabora.
17 Septemba 2024.

Mpendwa Shangazi Advera,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Newala, na lile goti liwe limetulia. Mikorosho imeshatoa maua? Sisi hapa mwili ni mzima. Roho yangu ndiyo inayochemka. Ningepiga simu, ningepiga na kelele mpaka majirani watoke nje, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lakini kwanza furaha, maana hukuweza kuja harusini. Shangazi, nimepata mume! Alois akicheka shavu moja linabonyea, nami nasahau nilichotaka kusema. Asubuhi hunichemshia chai ya tangawizi mwenyewe, kisha anasimama mlangoni kunitazama nikinywa, kama mkulima anayetazama mvua ya kwanza. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Sasa hasira. Alois ana pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake, ndiyo inayotulisha kwa kubeba mizigo ya watu sokoni. Kabla ya harusi fundi alimwambia kwamba vile vifuko vya mpira vinavyofunika viungo vya usukani vimechanika vyote. Vifuko hivyo vinashika grisi ndani na kuzuia vumbi nje. Vikichanika, kiungo kinasagika mpaka kichomoke. Mume wangu, mtu mwelewa, akanunua vipya dukani kwa mzee Moiz, pamoja na kopo la grisi.

Akatokea shemeji Ngassa! Huyo ni kaka yake mkubwa, na tangu baba yao afariki yeye ndiye baba, neno lake halijibiwi. Anakaa hapa hapa mtaani ila anafuga nyuki huko Sikonge, na kwake hakuna kinachovuja ambacho nta haiwezi kukiziba. Alipoviona vifuko vipya alicheka sana. "Mdogo wangu, unanunua mpira na nta imejaa ndani? Baba aliziba pipa kwa nta, likashika maji mpaka amekufa. Rudisha vitu vya watu."

Alois akarudisha. Ngassa akayeyusha nta, akapaka juu ya mipira iliyochanika, na grisi hakutia hata tone, eti nta inateleza yenyewe.

Shangazi, pipa limeanza lini kukata kona? Usukani unageuka kila saa, nta ikapasuka, mchanga wa barabara zetu hizi ukaingia. Tangu wiki ya harusi nilisikia gari ikigonga ko-ko-ko kila tulipogeuka. Nikimwambia Alois ananijibu kwa upole, "Kaka alishaziba, mke wangu." Upole ule ule nilioupenda! Nilitamani kuung'ata.

Jumamosi tulikuwa tunakwenda Bukene, mkwe akale kuku wa ukweni kwa mara ya kwanza. Wewe unamjua baba, kaka yako huyo, na siku kama hiyo. Mama aliamka alfajiri kupika, matobolwa, vile viazi vikavu vya kupikwa na karanga, hayakukosekana, majirani wamealikwa. Mimi nimevaa kile kitenge ulichonitumia. Tulipoipita Ndala ukasikika mlio kama mfupa unavunjika, gurudumu la kushoto likalala ubavu na usukani ukawa hausikii tena. Tukaacha barabara, tukaruka majaruba makavu ya mpunga, tukaishia kwenye kichuguu. Mkono wa Alois ulikuwa umenikinga kifuani nisirushwe mbele. Niliubusu pale pale, ng'ombe wanatutazama.

Lori likatukokota kurudi mjini. Sasa sikia alichosema shemeji mbele yangu, bila hata kuuliza kama nimeumia. "Gari hii haijawahi kuanguka tangu enzi za baba. Bibi harusi kapanda mwezi mmoja tu, imevunjika mguu. Wengine huingia nyumba za watu na nuksi." Kisha akampigia baba yangu Bukene, akamwambia wanichukue kwanza wakaniombee!

Unaweza kufikiri baba alivyopokea. Alisema neno moja, kwamba kama binti yake ni nuksi arudishwe kwao, na tangu hapo hapokei simu yangu. Na Alois? Akainama kutazama gurudumu. Usiku ule nililala nimemgeuzia mgongo.

Jana mchana Ngassa alikuwa anakula kwake na wazee wawili wa ukoo. Alois akaingia na nguo za gereji, alikoshinda akifungua lile gurudumu, nami nyuma yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona mchafu hivyo mbele ya chakula?"

Alois akakiweka kile kiungo kilichochomoka kando ya sahani ya ugali. Nta imekuwa tope jeusi, mchanga unametameta ndani. "Nuksi ni hii hapa, kaka. Pangusa uone."

"Nani kakufundisha kunijibu? Mkeo?"

"Ndiye. Sasa mpigie baba mkwe umwambie uliziba kwa nta."

"Mimi?"

"Wewe uliyempigia kwanza."

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Ngassa hajapiga mpaka leo. Anatangaza mtaani kwamba nta ile ilikuwa ya kununua, si ya mizinga yake. Mtu mzima!

Basi Shangazi, mpigie baba wewe. Wewe ni dada yake mkubwa, hawezi kukunyamazia. Mwambie sirudi nyumbani. Mwambie viungo ni vipya, grisi imejaa, vifuko vya mpira vimefungwa, na Jumamosi hii tunakuja wawili, apende asipende.

Leo asubuhi Ngassa alimtuma mtu aje kuchukua gari, akabebe mizinga yake. Alois alikuwa chini ya gari, grisi imemfika viwikoni. Hakutoa hata kichwa. Alisema, "Hapana." Neno moja tu, taratibu, na mjumbe akaondoka. Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo, Shangazi, hata pale altareni.

Nisalimie Dafrosa na wanawe, na Revocatus mwambie zamu yake ya kuoa imefika. Mungu akulinde, akupe siku nyingi za amani, na sauti ya kumwambia huyo kaka yako.

Mwanao anayekupenda sana,
Getruda