Ukurasa wa Sitini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Wifi yangu kaanza kazi leo ofisini kwetu. Ofisini kwangu, niseme ukweli. Chumba cha kunakilia nota za muziki ni changu mwaka wa kumi na tisa huu, tangu enzi za kalamu ya wino na rula. Wapiga fidla wananiita Mama Rula mpaka leo. Sasa meza ya pili imebanwa kati ya kabati na dirisha, na juu yake kompyuta mbili. Mbili! Hii moja yangu inakoroma kama mlevi.

Kazi yake ni kuiboresha programu tunayoandikia nota. Ni programu ya bure, mwenye ujuzi anaruhusiwa kuipasua tumbo na kuirekebisha. Kiongozi wa okestra kachoka nayo. Kitabu chake kikubwa, kile chenye vyombo vyote kwenye ukurasa mmoja, kinatoka na mistari ishirini na nane, nusu yake mitupu, na macho yake siku hizi si ya kuchezea. Akatafuta mtaalamu. Mdogo wangu akamtaja mkewe.

Mimi sikuulizwa. Na huyo mtaalamu hapigi chombo chochote. Hata mluzi hajui.

Jumatano, 6 Machi

Kaniomba daftari langu la malalamiko. Miaka saba naandika humo kila ujinga wa programu ile. Maandishi yanayopandiana na nota. Ukurasa unaoishia pale pale mpiga fidla ana kazi mikono yote miwili — nani amfungulie?

Nikampa. Kwa maringo, nakiri. Nilijua hataelewa hata nusu.

Ijumaa, 8 Machi

Kashamaliza malalamiko kumi na moja.

Ile ya kurasa ndiyo imenichoma. Sasa programu inatafuta yenyewe mahali mpigaji anaponyamaza, inakata ukurasa hapo. Mimi nilikuwa naifanya kwa macho na vidole, karatasi moja baada ya nyingine, siku tatu kwa kazi moja. Yeye kabonyeza. Kiongozi akaja kusimama nyuma ya kiti chake — nyuma ya changu hajawahi kusimama — akamwita mtaalamu wetu. Wifi akasema wazo ni langu, limo kwenye daftari. Kiongozi akaitikia bila hata kugeuka.

Nikatoka kwenda kunawa mikono. Mikono ilikuwa safi.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa mama. Mdogo wangu na mkewe nao walikuwepo. Mama hakunyamaza: mkamwana wake hivi, mkamwana wake vile, ameokota dhahabu. Anajua kweli nota ni nini, mama yangu? Kazi yangu kaiona miaka yote hii, hajawahi kuuliza nafanya nini huko mpaka vidole vina wino.

Nikaenda jikoni nipumue. Akanifuata, sufuria mkononi.

"Mwanangu, huo wivu utaufua lini? Unanuka."

Nilikasirika kwa kuwa ni kweli. Niliporudi mezani wifi alishakusanya vyombo vyote, akaviosha. Hata hapo kanishinda!

Jumanne, 12 Machi

Habari kubwa. Kazi ya Mzee Mtunzi inapigwa tena, baada ya miaka kumi na tisa. Ndiyo kazi ya kwanza niliyonakili hapa, kwa mkono, kila nukta. Sasa Mzee anatembelea gongo, na Kiongozi anataka aisikie angali hai.

Wifi ataichapa kwenye programu kutoka mwandiko wa Mzee mwenyewe, maana nakala zangu zimepotea. Mimi nitasahihisha. Zamani mimi niliandika, mwingine akasahihisha. Nimeteremshwa ngazi na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Ameongeza na jipya: programu inaficha mstari wa chombo kinachonyamaza ukurasa mzima. Kitabu cha Kiongozi kinapungua uzito, nota zinakuwa kubwa, macho yanapona. Ni kizuri. Nimekitazama muda mrefu nikitafuta ubaya. Ni kizuri tu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeupata.

Ukurasa wa sitini na moja, sehemu ya tatu. Pale okestra yote inanyamaza ghafla, na katika kimya hicho mpiga kinubi anagonga ubao wa kinubi chake kwa kiganja mara tatu. Halafu fidla zinaingia polepole, na kazi nzima inageuka. Mzee hakuandika nota hapo. Aliandika maneno: gonga mara tatu. Sasa programu inahesabu nota tu. Pasipo nota, chombo kimelala. Kwa hiyo mstari wa kinubi imeuficha, na mahali pa maneno pamekwenda nao. Kwenye karatasi ya mpiga kinubi mwenyewe imeandika kimya kirefu, basi. Mapigo yote matatu hayapo popote.

Wifi asingeweza kujua. Mwandiko wa Mzee pale umefifia, na atakayeuona ataudhani ni doa. Ninayejua ni mimi, kwa kuwa miaka ile nilimuuliza, akaniambia kwamba alipoiandika alikuwa amefiwa na mkewe, na kila jioni alidhani anasikia mlango ukigongwa.

Nilinyanyua penseli nyekundu. Nikairudisha mezani.

Jumatatu, 18 Machi

Kaniuliza asubuhi, kasimama mbele ya meza yangu na chai yake, macho mekundu kwa kazi. Kama kuna kosa nimwambie sasa, kesho vitabu vinakwenda kuchapwa.

"Iko sawa, wifi," nikasema.

"Ukurasa kwa ukurasa?"

"Ukurasa kwa ukurasa."

Akashusha pumzi, akanishukuru. Najiambia nitasema kesho. Najiambia pia: acha waone programu peke yake haitoshi. Acha Kiongozi asimame pale na fimbo yake hewani na kimya kisiishe. Atauliza nani anajua. Hapo watakumbuka Mama Rula yupo.

Roho mbaya hii nimeitoa wapi?

Jumanne, 19 Machi

Sikusema.

Alhamisi, 21 Machi

Mpiga kinubi kaja kuchukua karatasi zake. Mwanamke mpole, mgeni kwetu, hakuwepo miaka ile. Kapitia, kacheka: sehemu ya tatu imempa likizo, atakuja na kitabu cha hadithi asome pale pale kitini. Nikacheka naye.

Niliporudi chumbani wifi alikuwa kanibadilishia kompyuta. Moja ya zile mbili. Kasema yake moja inamtosha, na hii haikoromi.

Jumamosi, 23 Machi, mazoezini

Mapumziko. Naandika kwenye kiti cha ukumbini. Sehemu mbili zimekwenda vizuri mno. Hakuna mpiga fidla aliyehangaika na kurasa, hata mmoja. Mzee Mtunzi yuko mstari wa mbele, kidevu juu ya gongo, machozi wazi wazi.

Nilipanda jukwaani watu walipotoka, nikafungua kitabu cha Kiongozi. Nilitaka niuone ukurasa ule, labda niandike kwa penseli, labda nisiandike. Sikufika. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina la Mzee: Nota zimeandaliwa na — halafu jina langu, majina yote matatu. Peke yangu. La wifi halipo.

Nilimkuta mlangoni. Nikamuuliza lake liko wapi.

"Mimi nimechapa tu, wifi. Vyote vimetoka kwenye daftari lako. Nilimwambia Kiongozi jina liwe lako, akasema hakujua, akasema ni haki yako."

Sikuweza kumtazama. Kaniuliza kama naumwa. Nimesema joto.

Kwa hiyo kimya kile ni changu, kina jina langu. Nikienda kuandika sasa itabidi niseme nilijua tangu lini. Kiongozi atauliza, wifi atakuwa amesimama hapo. Nisipokwenda — dakika nne zimebaki. Penseli ninayo, ndiyo hii.

Mpiga kinubi kesharudi kitini. Kweli kaja na kitabu cha hadithi, kakiegemeza kwenye mguu wa kinubi. Kengele imelia. Wanaingia. Kiongozi anapanda.

Mzee Mtunzi kageuka, kaniona. Kanikumbuka! Ananinyooshea vidole vitatu, anagonga hewani kama mlangoni, anatabasamu. Nami nimempungia mkono, ule ule wenye penseli.