Boila Imeshika

Ipswich, Jumatatu, 9 Juni

Kaka Alwyn,

Barua yako ya kunitaka niuze nyumba nihamie kwenu Perth nimeisoma. Jibu langu ni hapana. Huku majira ya baridi yameanza na kuku wamegoma kutaga.

Treni yangu ndogo ya mvuke, ile niliyoiunda mwenyewe, niliipeleka kukaguliwa kwenye kilabu chetu cha treni ndogo mwezi uliopita. Boila, lile tangi la kuchemshia maji, ilijazwa maji kwanza, ikapimwa kwa presha maradufu ya ile ya kazi. Maji yakachuruzika kwenye kiungo kimoja. Desmond, mkaguzi wetu, akatikisa kichwa.

"Dada Merle, hapa mkono ulicheza wakati wa kulehemu. Mwachie mwingine akumalizie."

"Huyo mwingine akajitengenezee yake," nikamjibu.

Ni kweli, Alwyn, mikono yangu inatetemeka. Daktari ameupa ugonjwa jina, nami sitaliandika hapa. Nilikuwa nasubiri asubuhi dawa ikolee, nafunga kiwiko kwenye meza kwa mkanda, nalehemu upya. Mara mbili niliharibu. Mara ya tatu kiungo kikashika.

Juzi niliirudisha kilabuni, Desmond akapiga pampu, akaikodolea macho geji ya presha nusu saa nzima. Halikutoka hata tone.

"Mwanamke mbishi wewe!" akasema.

"Andika hivyo kwenye cheti cha ukaguzi."

Jana niliwasha makaa, nikawavuta watu wazima sita kuzunguka bustani, Desmond akiwa behewa la nyuma, magoti yamemfika kidevuni, anacheka kama mwehu. Mikono yangu ilitetemeka njia nzima, na treni ilikwenda.

Wasalimie wote huko.

Nduguyo,
Merle