Mkwe Barabarani, Mtoto Katikati

Jumamosi, Buteba. Jua kali tangu asubuhi, vumbi la malori limeingia mpaka kwenye sufuria. Mwili umechoka. Mdomo umechoka zaidi.

Baba Nabwire alikuja kumchukua mtoto. Akasimama kule barabarani kama kawaida, mimi nyuma ya mlango. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hawasemeshani, na kuachana kwake na binti yangu hakuondoi hiyo heshima. Ng'ombe zake za mahari bado ziko kwetu.

Binti yangu Nekesa naye, huyo baba akimpigia simu, hapokei. Anauza samaki soko la Busia, mtoto ananiachia mimi. Walipendana bila kuniuliza, wakaachana bila kuniuliza. Sasa kugawana siku za mtoto ndiyo kazi ya mama mzee!

Basi tangu waachane, mimi na mkwe tunaongea kupitia Nabwire. Ana miaka minane.

"Mwambie nyanya, kazi ya Malaba imebadilika, wikendi sipati nafasi. Nataka Jumatano na Alhamisi."

"Mwambie baba yako hizo ni siku za shule. Wewe si gunia la mahindi la kuhamishwahamishwa."

"Mwambie nyanya nitampeleka shule mwenyewe na boda."

"Mwambie baba yako, mtu anayechelewa Jumamosi mchana, asubuhi ataamshwa na nani?"

Mtoto akaenda, akarudi, akaenda. Mara akaketi chini katikati ya uwanja, begi mgongoni, akatupigia kelele sisi wote wawili.

"Si mnasikiana! Ambianeni wenyewe!"

Nilitaka kumchapa. Halafu nikaona analia.

Nikatoka nje. Nikampa mkwe mgongo, nisimwone uso, nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe: "Baba Nabwire, Jumatano umchukue shuleni, Ijumaa asubuhi umrudishe shuleni. Akichelewa hata mara moja, nakwenda Malaba kukutafuta katikati ya malori, na ukwe utakwisha siku hiyo."

Akajibu nyuma yangu, "Ndiyo, mama."

Akaenda zake kazini, atamchukua Jumatano. Mtoto amebaki hapa, amelala na viatu.

Majirani wameona. Kesho kanisani watanong'ona kwamba mama mzee amemsemesha mkwe. Wanong'one. Nekesa naye akitoka sokoni atasema nimemuuza. Nitamwambia: mimi nimevunja mwiko, wewe unashindwa kupokea simu?

Kuanzia leo Nabwire habebi neno la mtu mzima. Akitumwa, atumwe chumvi.