Vinundu vya Vidole Vyetu, Dada

Dada yangu Konsolata,

Vimenitokea na mimi. Vinundu vile vile vyako, kwenye viungo vya mwisho vya vidole, vigumu kama punje za mahindi makavu. Asubuhi, baridi hii ya Iringa ikikaza, siwezi kufunga hata kifungo cha sweta.

Nakukumbuka barazani kwetu, wewe na jirani yetu Mama Skola mkisuka vikapu vya majani ya milulu, mkicheka mpaka mama anawagombeza. Kisha siku moja ukaiweka milulu chini. "Vidole vimegoma," ulisema. Watu wakaanza: Mama Skola kamwonea wivu, kamfunga mikono kwa uchawi. Hukusema unaamini. Ila ulihamisha mkeka wako, na kanisani, wakati wa kupeana amani, akikukaribia uliificha mikono ndani ya kitenge. Ulituacha hamjasalimiana.

Juzi juzi nilikwenda hospitali mjini. Daktari, binti tu, alivibonyeza vidole vyangu polepole.

"Mama, mifupa inapokutana kuna gegedu, laini, linaloteleza. Linachakaa taratibu, miaka mingi, linakuwa jembamba. Mwili unajaribu kujitengeneza, unaotesha mfupa pembeni. Ndivyo vinundu hivi. Kwenu kuna mwingine?"

"Dada yangu. Na bibi yetu pia."

"Basi ni ugonjwa wa ukoo. Huwapata sana wanawake."

Nikalia. Alidhani naogopa ugonjwa, akanieleza habari za maji ya moto, mazoezi na dawa ya kupaka. Mimi nilikuwa nakulilia wewe, dada, na miaka ile mliyopoteza.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Skola, nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua maharage ambayo yalikwisha kuwa safi.

"Nilikuwa najiuliza nilimkosea nini," alisema. "Nipeleke kwake nikamsalimie."

Jumapili baada ya misa tulikwenda makaburini. Alishikilia bega langu akapiga magoti, ingawa magoti yake nayo yanamsumbua. Akakusalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, Konsolata." Akatulia, kama mtu anayesubiri mlangoni.

Niliitikia mimi kwa niaba yako, dada. Nilisema, "Kamwene." Naomba uniambie nilisema ulichotaka kusema.

Lala salama.

Mdogo wako